Joe Davis, bingwa aliyekosa wa kumfunga

Hotuba kwa wachezaji na wenye kumbi za pool, jioni ya ufunguzi wa ligi

Ndugu mwenyekiti, wenye kumbi mliofunga biashara mapema ili mfike hapa, wachezaji, na wazazi wawili watatu ninaowaona kule nyuma ambao nadhani wamekuja kuhakikisha kama kweli huu ni mchezo wa watu wenye adabu: asanteni kwa kunikaribisha. Mwenyekiti aliniomba nizungumzie historia, nisizidishe muda, na nisitaje kamari. Hayo mawili ya mwanzo nitajitahidi.

Nimekuja na mtu mmoja tu. Anaitwa Joe Davis, Mwingereza, na wengi wenu hamjawahi kulisikia jina lake, ingawa O'Sullivan, yule nyota wa snuka, mnamjua kuliko mnavyomjua mbunge wenu. Joe Davis alitwaa ubingwa wa dunia wa snuka mara 15, tangu 1927 hadi 1946, na katika mashindano hayo hakufungwa hata mechi moja. Hebu fikirieni hapo. Hakuna bingwa mwingine wa mchezo huu aliyetoka na daftari safi namna hiyo.

Lakini si hizo 15 zilizonifanya nimchague. Nimemchagua kwa kuwa mtu huyu aliuona mchezo mmoja ukifa mbele ya macho yake, akahamia mwingine uliokuwa haudhaminiwi na mtu, akaujenga ukawa riziki, halafu yeye mwenyewe nusura auzike kwa ugonjwa uleule. Nyinyi mnaanzisha ligi leo, kwa hiyo yawahusu.

Alizaliwa Aprili 1901 katika kijiji cha Whitwell, jimbo la Derbyshire, nchi ya makaa ya mawe. Baba yake alikuwa mchimbaji, kisha akaacha mgodi akawa mwenye baa huko Whittington Moor, karibu na mji wa Chesterfield. Ndani ya baa hiyo mlikuwa na meza kubwa ya biliadi. Basi mnajua tena, mtoto wa mwenye meza halipi. Akiwa na miaka 12 alishafikisha pointi 100 kwa mfululizo mmoja bila kukosa, na miaka 13 akawa bingwa wa Chesterfield na vitongoji vyake, akiwafunga watu wazima wenye ndevu. Mwalimu wake alikuwa mtu wa hapohapo mjini, Ernest Rudge. Akaingia kwenye uchezaji wa kulipwa akiwa na miaka 18.

Kulipwa kwa mchezo gani? Biliadi. Hapa nisimame kidogo, maana vijana wengi hudhani biliadi na snuka ni kitu kimoja. Meza ni ileile, futi 12 kwa 6, na mashimo 6. Lakini biliadi ya Kiingereza ina mipira mitatu tu: mwekundu mmoja, na enzi hizo kila mchezaji alikuwa na mweupe wake. Unapata pointi kwa kuingiza mpira shimoni, kwa mpira wako kugonga ile miwili mingine kwa pigo moja, au kwa mpira wako wenyewe kugonga mwingine ukatumbukia. Ndiyo, lile kosa linalowapa wenzenu mpira mkononi kila Jumamosi, kwao lilikuwa pointi.

Na mipira yenyewe, ndugu zangu, ilikuwa ya pembe za ndovu. Hapa pwani yetu inaingia katika habari hii bila kualikwa. Karne ya 19 soko kubwa la pembe duniani lilikuwa Unguja, na pembe laini ya Afrika Mashariki ndiyo iliyotakiwa na wachonga mipira ya biliadi na vibao vya piano. Mpira mzuri hukatwa katikati kabisa ya pembe, ule mshipa wa ndani upite kwenye kitovu cha mpira, la sivyo utakwenda upande kama gari lenye usukani mbovu. Kwa hiyo pembe moja ilitoa mipira michache tu, na zile pembe ndogo, kalasha, ndizo zilizopendwa zaidi. Misafara iliyotoka Tabora na Ujiji ikishuka Bagamoyo, sehemu ya mzigo ule uliokuwa mabegani mwa watu iliishia kwenye meza za mabwana wa London. Baadaye ikaja mipira ya viwandani, na Joe alikuwa wa kizazi kilichovuka kutoka ile ya pembe kwenda hii mipya. Ndovu walichelewa sana kupumua, lakini hilo lina hotuba yake.

Nirudi. Biliadi ilikuwa mchezo wa wafalme, ina magazeti, ina kumbi. Iliuawa na nini? Iliuawa na wachezaji kuwa hodari kupita kiasi. Mwaka 1907 alikuwapo mtu anaitwa Tom Reece. Aligundua kwamba mipira miwili ikikwama pembeni kabisa mwa shimo la kona, mpira wake unaweza kuigusa yote miwili, ikabaki palepale, akaigusa tena, na tena. Aliendelea hivyo kwa wiki tano, kwa vikao, mpaka akafika pointi 499,135. Mpinzani wake wiki zote hizo amekaa. Sijui alikuwa akileta gazeti au vipi. Wenye sheria walikataa hata kuiandika kama rekodi rasmi, wakaipiga marufuku ile mbinu.

Ukipiga marufuku mbinu moja, hodari atapata nyingine. Akaja Walter Lindrum kutoka Australia. Huyu hakuihitaji kona. Aliisogeza mipira mitatu kandokando ya ukingo wa meza kwa vigusio vidogo vidogo, kama mtu anayeswaga vifaranga, kila kigusio pointi mbili, mipira haiachani zaidi ya upana wa kiganja. Januari 1932, katika ukumbi wa Thurston's jijini London, Lindrum alifanya mfululizo wa pointi 4,137. Ilichukua karibu saa tatu za uchezaji. Na aliyekuwa amekaa kwenye kiti akimtazama alikuwa Joe Davis.

Mjue kwamba Joe naye hakuwa mwanagenzi. Alikuwa bingwa wa dunia wa biliadi 1928, 1929 na 1930, na mwaka huohuo wa 1932 aliuchukua tena kwa kumfunga Clark McConachy wa New Zealand. Lakini Lindrum alikuwa kiumbe kingine. Mwaka 1933 walikutana fainali London, Lindrum akashinda pointi 21,815 kwa 21,121. Mwaka uliofuata Joe akasafiri mpaka Australia kuufuata ubingwa, akafungwa tena. Baada ya hapo Lindrum akakaa nao. Hakuutetea tena, na hakuuachia mpaka 1950. Kwa miaka 16 mchezo wa biliadi ulikuwa na bingwa wa dunia asiyecheza na mtu.

Wenye sheria walihangaika. Wakaweka amri kwamba kila baada ya pointi kadhaa mpira lazima uvuke mstari wa upande wa pili wa meza, ili kukata vile vigusio vya Lindrum. Haikusaidia. Mtu aliyenunua tiketi alitaka kuona ushindani, akaonyeshwa ufundi. Kwa maoni yangu, na najua wapo hapa wanaonipinga, ufundi usio na hatari haumvuti mtazamaji zaidi ya siku mbili. Siku ya tatu atabaki nyumbani.

Joe alikuwa ameshalinusa hilo mapema, na ndipo ninapomheshimu kweli.

Snuka, ile ya wekundu 15 na mipira sita ya rangi nyingine, ilikuwapo tangu 1875, ilianzishwa na maofisa wa jeshi la Waingereza huko Jabalpur, India, mvua zikiwa zimewafungia ndani. Lakini huko Uingereza wachezaji wakubwa waliidharau. Ilikuwa mchezo wa kujazia muda: mechi ya biliadi ikiisha mapema, piga fremu, yaani raundi, mbili tatu za snuka watu wacheke waende nyumbani. Mwaka 1924 mchezaji mmoja wa Nottingham, Tom Dennis, aliliandikia baraza la mchezo akiomba liandae mashindano ya snuka ya wachezaji wa kulipwa. Wakamjibu kwamba wana shaka kama mchezo huo una mvuto wa kutosha kwa watazamaji. Barua ya kistaarabu kabisa, ya kukataa.

Joe yeye alikuwa akitembea kwenye kumbi za mikoani, hakukaa London kusubiri mialiko. Aliona kule mikoani watu wanacheza nini kwa fedha yao wenyewe: wanacheza snuka. Rafiki yake Bill Camkin wa Birmingham, mwenye kumbi, alikuwa ameona hivyohivyo, maana mwenye ukumbi hadanganyiki, anahesabu droo kila usiku. Wawili hao wakapanga masharti, wakalibana baraza mpaka likakubali. Mechi za kwanza zikaanza Novemba 1926. Waliojiandikisha walikuwa 10.

Fainali ilipigwa Mei 1927 katika ukumbi wa Camkin, Birmingham. Joe Davis dhidi ya Tom Dennis, yuleyule wa barua. Joe akashinda fremu 20 kwa 11. Zawadi ya bingwa wa dunia: paundi 6 na shilingi 10. Sehemu ya mapato iliyopaswa kuwaendea wachezaji ilinunuliwa kombe. Kombe hilo, mabibi na mabwana, ndilo hilohilo bingwa wa dunia ananyanyua Sheffield mpaka leo. Lilinunuliwa kwa fedha za wachezaji wenyewe, na ningependa kamati yetu ilikumbuke hilo tutakapofika kwenye ajenda ya ada.

Msidhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mwaka 1931 waliojiandikisha kugombea ubingwa wa dunia walikuwa wawili. Wawili! Joe na Dennis. Wakacheza Nottingham, nyumbani kwa Dennis, na Dennis siku hiyo alimtoa jasho kwelikweli, Joe akapenya 25 kwa 21. Mtu mwingine angesema mchezo huu umekufa, nitafute kazi. Joe aliendelea kuja kila mwaka, kuchukua kombe, na kuzunguka nchi akionyesha mchezo.

Sasa niwaambie alichokibadilisha mezani, maana wachezaji mmeanza kuniangalia vibaya. Kabla yake, wakubwa walicheza snuka kama watu wa biliadi: ingiza mwekundu mmoja, jaribu rangi moja, kisha ficha mpira mweupe umwachie mwenzako taabu. Katika mashindano yale ya kwanza, mfululizo mkubwa kuliko yote ulikuwa pointi 60. Aliufanya Albert Cope, akimchezea Joe mwenyewe, na akapewa cheti kwa kazi hiyo. Leo mchezaji akipiga 60 anarudi kitini amekunja uso.

Joe alikaa akalifikiria eneo la mpira mweusi. Mwekundu ni pointi 1, mweusi 7, na mweusi ukiuingiza unarudishwa mahali pake, karibu na ukingo wa juu. Kwa hiyo ukiweza kukaa pale juu, mwekundu, mweusi, mwekundu, mweusi, unavuna pointi 8 kwa mapigo mawili. Ugumu ni wapi mpira mweupe usimame. Ukiingiza mwekundu, mweupe ukasimama umenyooka kabisa na mweusi na shimo, umejifunga: mweusi utaingia, lakini mweupe hauna pa kwenda. Lazima uwe kando kidogo, uwe na pembe, ili baada ya kuuingiza mweusi ule mweupe uteleze mpaka nyuma ya mwekundu unaofuata. Wala si kwa nguvu. Piga chini ya kitovu cha mpira urudi, piga katikati usimame, piga juu uendelee. Mnalijua hili wote, mnalifanya kila siku bila kufikiri. Lakini kuna mtu aliyelipanga kwanza likawa elimu, akaliandikia vitabu na kulifundisha, na mtu huyo ni mtoto wa baa ya Whittington Moor.

Na alifanya hayo kwa jicho moja, karibu. Jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu. Fimbo yake haikupita katikati ya kidevu kama makocha wanavyowaambia, ilipita chini ya jicho la kushoto. Kwa hiyo wewe kijana unayeambiwa kila siku kwamba umesimama vibaya, muulize anayekukosoa kama mpira unaingia.

Macho yalikuwa shida ya ukoo ule. Joe alikuwa na mdogo wake, Fred, ambaye Joe alimzidi miaka 12, naye mchezaji wa kulipwa. Fred alianza kutoona mbali lakini akaona aibu kuvaa miwani. Katika ubingwa wa 1937 akafungwa na Bill Withers kutoka Wales, mchezaji ambaye hakutarajiwa kabisa. Mechi iliyofuata Withers akakutana na kaka mtu. Joe alikuwa amekasirika, na hasira yake hakuipeleka kwenye magazeti, aliipeleka mezani: fremu 30 kwa 1. Fred akaenda kupimwa macho, akatengenezewa miwani maalumu yenye vioo vinavyoinama ili akilala juu ya fimbo aone vizuri. Miaka mitatu baadaye, fainali ya 1940, walikutana ndugu wawili hao. Joe alishinda 37 kwa 36.

Kisha vita. Ukumbi wa Thurston's ulipigwa bomu Oktoba 1940. Mashindano yakasimama, na Joe akaenda kwenye majukwaa ya michezo ya kuigiza, pamoja na waimbaji na wachekeshaji. Mtu utaonyeshaje meza ya snuka jukwaani, watu wamekaa chini hawaoni juu ya meza? Akaning'iniza kioo kikubwa mno juu ya meza, kimeinama, ukumbi mzima ukaona mipira ikienda. Televisheni ilikuja baadaye kufanya jambo hilohilo kwa kamera ya juu.

Mwaka 1946 ubingwa ukarudi. Fainali ikachezwa Royal Horticultural Hall, London, wiki mbili mfululizo, Joe dhidi ya Horace Lindrum, mpwa wa yule Walter. Joe 78, Lindrum 67. Watu zaidi ya elfu moja kwa kikao, vikao viwili kwa siku. Kutoka paundi 6 na shilingi 10 mpaka hapo, miaka 19. Joe ana miaka 45. Akatangaza kwamba hatashiriki tena ubingwa.

Wengi wanaisifu hatua hiyo: ameondoka akiwa juu, hajafungwa. Mimi naiona vingine. Angestaafu kweli, nisingekuwa na neno. Lakini hakustaafu kucheza. Aliendelea karibu miaka 20 zaidi kwenye maonyesho na mashindano mengine, huku akiwapa wenzake pointi za kuanzia kwa sababu bado alikuwa hodari kuliko wao. Ndani ya historia yote, aliyeweza kumfunga bila kupewa pointi za kuanzia ni Fred peke yake, na ni mara nne tu. Na Joe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wachezaji wa kulipwa. Sasa jiwekeni mahali pa mnunua tiketi wa 1949. Bangoni imeandikwa bingwa wa dunia, Fred Davis. Na kila mtu mjini anajua kwamba bingwa wa kweli yuko ukumbi wa pili anawapa watu pointi za bure. Utanunua tiketi ipi?

Ni Walter Lindrum yuleyule, amebadilisha mchezo tu.

Mwaka 1952 wachezaji waligombana na baraza kuhusu fedha, wakaanzisha ubingwa wao. Ule rasmi ukabaki na wagombea wawili, Horace Lindrum na McConachy, Lindrum akawa bingwa. Ule wa wachezaji ukajikokota mpaka 1957, ukafa. Kuanzia 1958 hadi 1963 dunia haikuwa na mashindano ya ubingwa wa snuka. Joe alijaribu kuokoa jahazi kwa kuongeza mipira miwili, wa rangi ya chungwa na wa zambarau, mwaka 1959. Watu waliangalia wakarudi nyumbani. Tatizo halikuwa uchache wa rangi.

Katikati ya mdororo huo ndipo alipofanya lile linalomfanya akumbukwe hata na wasiojua lolote lingine. Tarehe 22 Januari 1955, Leicester Square Hall, ambao ni ule Thurston's uliojengwa upya, nao ukiwa katika siku zake za mwisho kabla ya kufungwa. Mpinzani wake alikuwa Willie Smith, mkongwe wa biliadi aliyekaribia miaka 70. Joe akaingiza wekundu wote 15, kila mmoja na mweusi wake, hiyo ni 120. Kisha manjano, kijani, kahawia, buluu, waridi, mweusi, 27. Jumla 147, mfululizo usiozidika. Ulikuwa wa kwanza duniani kutambuliwa rasmi, ingawa Murt O'Donoghue alishaufanya Australia 1934 bila utambulisho huo. Na baraza, msicheke, lilikataa kuuandika kwa zaidi ya miaka miwili, kwa sababu wachezaji wa kulipwa walitumia kanuni ya kumrudisha aliyefanya faulo apige tena, ambayo baraza lilikuwa halijaipitisha. Hata katibu wetu hajafika huko.

Jumla ya mifululizo yake ya pointi 100 na zaidi ilifika 687. Mwaka 1963 Malkia akampa nishani ya OBE. Mwaka 1964, mwaka ambao yeye alitundika fimbo, ubingwa wa dunia ukafufuliwa, na mwaka 1969 ukarudi kwenye mtindo wa mtoano ambao kila mmoja anaanza sawa na mwenzake. Miaka hiyo miwili ya mabadiliko mnaweza kuipanga wenyewe mnavyotaka. Mimi nimeshasema upande wangu.

Aliona matunda yake kidogo. Mwaka 1978 mashindano yalikuwa Crucible, Sheffield, si mbali na Chesterfield alikokulia, na televisheni imejaa. Fred, miaka 64, alifika nusu fainali dhidi ya Perrie Mans wa Afrika Kusini. Joe alikuwa amekaa ukumbini kama mtazamaji, akijipinda kitini kila Fred alipopiga, mpaka akaanguka, akapelekwa kwa matibabu. Fred alifungwa 18 kwa 16. Joe alifariki Julai mwaka huo.

Sasa, mwenyekiti, kwenye rasimu ya kanuni mliyonipa nimeona kifungu cha 7 kinasema bingwa wa mwaka huu ataingia moja kwa moja fainali ya mwaka ujao. Naomba kifungu hicho kijadiliwe kabla hatujapiga kura, na bingwa wetu, ambaye namwona pale mlangoni anataka kutoka, abaki nasi. Mwenye swali anyooshe mkono.